Mbona miili yetu tunaitukana tu, kuishukuru hatuishukuru?

Mhariri, asalaam aleikum na poleni na kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, na mnisamehe kama nitarefusha maana hili jambo nimekaa nalo moyoni muda mrefu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, mwaka wa kumi na moja sasa niko na futi shingoni. Kwenye kazi hii ndo utajua watu wanaionaje miili yao, maana mtu akisimama umpime anaanza mwenyewe kujisema kabla hata hujamgusa. Fundi hapo tumboni usinibane nina kitambi kibaya, fundi niwekee mikono mirefu hii mikono yangu kama michi. Mwingine anataka gauni limfiche shingo, mwingine makalio hana, mwingine anayo anaona yamezidi, na wiki ya harusi ndo usiseme, wanakuja kumi wa sare moja na katika wote kumi hakuna hata mmoja aliyeridhika na alivyoumbwa. Mitaani nako ni hivo hivo, mtu hamjaonana miezi miwili salamu yake ya kwanza ni "umenenepa" ama "mbona umekonda hivo, unaumwa?" Na picha kwenye simu siku hizi ni wachache wanaoiweka bila filta.

Mimi pia nilikuwa hivo. Nina magaga tangu msichana, nilikuwa naificha miguu yangu kwenye viatu vya kufunika hata jua kali.

Sasa baba yangu ana sukari, miaka mingi tu. Siku moja, miaka miwili iliyopita, alitoka msikitini alasiri kavaa kandambili zake, akaja akakaa barazani kwangu kama kawaida yake, tukaongea kama nusu saa hivi, mara naona damu sakafuni. Nikatafuta inatoka wapi, kumbe inatoka kwenye kandambili ya baba, msumari umetoboa soli umeingia mguuni na yeye kashika kikombe chake cha kahawa anakunywa taratibu. Nikamwambia, baba mguu wako! Akaniuliza, mguu gani? Mhariri hiyo "mguu gani" mpaka leo naisikia.

Kidonda kile kilikataa kupona, akaja kukatwa vidole viwili. Ndo tukaanza kwenda wote kliniki ya sukari, na kule nesi mmoja alimwambia baba afumbe macho, akachukua kijiuzi cha nailoni kama mshipi wa kuvulia akawa anamgusa nacho kwenye unyayo, akihisi aseme ndiyo. Baba amevua samaki zaidi ya miaka arobaini, mshipi ukiguswa huko chini ya maji anajua kwa kidole huyu changu, huyu tasi. Leo mshipi huo huo unagusa unyayo wake na yeye katulia, kafumba macho, anasubiri. Nesi alipofika mara ya sita baba akamuuliza kwa upole kabisa, "mwanangu, mbona huanzi?" Nikatoka nje nikalia.

Nesi alituelewesha kwamba sukari ikikaa juu muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu, na inaanza na ile ya mbali, ya vidole vya miguu, mguu unaingia ganzi mpaka mtu hana habari na mwiba wala moto. Mimi maisha yangu yote nilikuwa najua maumivu ni adui, kumbe yale ya kujikwaa ukaruka ruka ukasema mama yangu wee, ile nayo ni neema, mguu unakwambia niangalie. Akatufundisha kila jioni tuitazame miguu ya baba, juu, chini kwa kioo, katikati ya vidole, tuoshe kwa maji ya vuguvugu, tukaushe vizuri, mafuta tupake lakini katikati ya vidole tusipake, asitembee peku hata ndani, na viatu vikung'utwe kabla ya kuvaa.

Basi ikawa kazi yangu kila baada ya isha. Naleta karai, maji nayapima kwa kiwiko changu maana yeye joto halisikii, namwosha, nakausha kidole kimoja kimoja na kanga kuukuu, naangalia. Yeye ananiambia hivi vinane vilivyobaki tuviangalie vizuri. Siku moja nimemaliza yake nikatumbukiza yangu kwenye maji yaliyobaki, nikaishika miguu yangu na magaga yake, nikaona hii ndo inakanyaga cherehani kutwa, ndo imewalisha wanangu, na mimi sijawahi kuiangalia ila kwa kuichukia. Tangu siku hiyo naosha ya baba, naosha na yangu.

Nesi yule yule alisema mguu mmoja, kuanzia kifundo kushuka chini, una mifupa 26, ukichukua yote miwili ni 52, na mwili mzima una 206, yaani robo ya mifupa ya mtu iko miguuni. Akasema figo zinachuja kama lita 180 za maji ya damu kwa siku, nyingi zinarudi mwilini, kinachotoka kama mkojo ni lita moja na kitu. Lita 180 ni ndoo tisa kubwa! Sisi tunaojua uzito wa ndoo moja kichwani kutoka bombani mpaka jikoni, hebu piga picha ndoo tisa kila siku, usiku na mchana, na mwenye mwili amelala.

Na sisi Waislamu tunatawadha mara tano, maji usoni, mikononi mpaka kwenye viwiko, miguuni mpaka vifundoni, na Mtume (s.a.w.) katufundisha kwamba kila kiungo cha mwanadamu kina sadaka yake kila siku jua linapochomoza. Nimetawadha tangu mtoto lakini kusema kweli nilikuwa naosha mikono huku nawaza oda ya mteja. Siku hizi maji yakipita kwenye mkono nausikia mkono. Asiye Mwislamu naye anaoga, anapaka mafuta, hapo hapo panatosha, haihitaji muda wa ziada.

Sisemi shukrani inatibu sukari, hapana, baba anameza dawa zake na kupima anapima. Na wala sisemi mwili wa kushukuriwa ni ule mzima tu, wahenga walisema hujafa hujaumbika, na baba yangu na vidole vyake vinane anaishukuru miguu kuliko mimi wa kumi.

Wiki iliyopita kaja binti kupimwa sketi, ananiambia fundi ishushe mpaka chini miguu yangu mibaya. Nikamuuliza umekuja na nini, akasema nimetembea kutoka Chumbageni. Nikamwambia kwa hiyo imekuleta. Akanyamaza, akaiangalia. Sketi nimeishona ndefu kama alivyotaka, ni haki yake.

Ombi langu Mhariri, ukurasa wenu wa afya kila wiki ni magonjwa, siku nyingine mtuandikieni mwili ukiwa mzima unafanya nini. Na msomaji mwenye mzee wa sukari nyumbani, leo usiku mvue kandambili umwangalie nyayo, usimuulize kama anaumia, angalia mwenyewe.

Niishie hapa, maji yapo kwenye karai yanapoa na baba ananisubiri barazani.

Fundi cherehani,
Tanga