Barua kwa Somo Yangu Kabla ya Safari ya Cape Town

Kuze, Mji wa Kale,
Mombasa.
Mfungo Tano.

Kwa Somo yangu mpenzi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Barua yako ya kutoka Tanga imenifika salama siku ya Jumatatu, na nimefurahi mno kusikia kuwa goti limepata nafuu na kwamba mwanao amekukatia tikiti ya kwenda kumtembelea Cape Town. Umeniuliza kama ni busara kwa watu wa umri wetu kujitia katika safari ya mbali kiasi hicho, na umenitaka nikusimulie kwa urefu yale niliyoyaona kule mwishoni mwa mwaka 2014, nilipokwenda kuhudhuria mahafali ya mpwa wangu. Nenda, Somo yangu. Miaka zaidi ya kumi imepita, na ukiiondoa Hija, sina safari ninayoikumbuka kwa mapenzi kama ile.

Njia yenyewe sitaieleza sana. Utapanda ndege hadi Nairobi, kisha saa nne na zaidi hadi Johannesburg, kisha saa mbili nyingine, na ukiteremka utajihisi umevuka nusu ya dunia ilhali bado umo ndani ya bara lako. Sanduku langu lilipotea njiani, na shirika la ndege lilikaa nalo siku tatu bila ya kunipa jibu la maana. Hata hilo liligeuka kheri, kwa kuwa mwenyeji wetu, mama mmoja wa mtaa wa Bo-Kaap aliyempangisha chumba mpwa wangu, alinifungulia kabati lake usiku ule ule akaniambia nichague nitakacho. Nilikaa siku tatu ndani ya nguo za mtu nisiyemjua, na ilipofika siku ya nne tulikuwa tunazungumza kama watu waliolelewa nyumba moja.

Bo-Kaap iko kwenye mteremko wa kilima kiitwacho Signal Hill, juu kidogo ya katikati ya mji. Nyumba zake ni za ghorofa moja au mbili, zimeshikana ukuta kwa ukuta, na kila moja ina rangi yake, ya waridi, ya manjano, ya samawati, ya kijani kibichi, na barabara zake zimetandazwa mawe. Kila siku isipokuwa Jumapili na sikukuu za taifa, saa sita kamili za mchana, hupigwa mzinga juu ya kilima hicho, na madirisha yote ya mtaa hutetemeka. Siku ya kwanza nilishika kifua. Kisha nikaanza kuungojea, nikiifikiria mizinga yetu ya Ngomeni ambayo tangu tukiwa watoto tunaipanda na kuichezea, na hatujapata kuisikia sauti yake.

Watu wengi wa mtaa ule ni Waislamu, na wazee wao waliletwa kwa nguvu na kampuni ya Waholanzi iliyoweka kituo pale mwaka 1652. Walitoka Java na visiwa vya jirani, Bara Hindi, Bukini (Madagaska) na hata Msumbiji, wengi wao wakiwa watumwa na wengine wakiwa wafungwa waliofukuzwa makwao kwa kuwapinga Waholanzi. Miongoni mwa wafungwa hao alikuwamo mwanachuoni wa kisiwa cha Tidore, Abdullah bin Kadhi Abdus Salaam, ambaye mpaka leo huitwa Tuan Guru, yaani bwana mwalimu. Alifikishwa kule mwaka 1780 akafungwa katika kisiwa cha Robben, na humo kifungoni, bila ya kuwa na nakala ya kutazama, aliandika msahafu kwa mkono wake kutoka kifuani. Alipofunguliwa alianzisha chuo cha kufundisha watumwa na watu huru, akawa imamu wa kwanza wa Msikiti wa Auwal ulioko Dorp Street, msikiti wa kwanza katika nchi ile, uliojengwa mwaka 1794 wakati ambapo Waislamu walikuwa bado hawajaruhusiwa kusali hadharani. Ruhusa hiyo ilikuja mwaka 1804, na yeye alifariki mwaka 1807.

Msahafu huo umewekwa msikitini ndani ya kioo. Nilisimama mbele yake muda mrefu kuliko mahali pengine popote nilipopita katika safari ile. Unanijua, Somo, nimefundisha watoto kuandika kwa miaka thelathini, na najua jinsi mkono unavyochoka hata pale kitabu kinapokuwa wazi mbele yako. Nikaisikia baridi ya kile kisiwa kutoka kwenye zile herufi, na machozi yakanitoka bila ya kuona haya.

Lugha ya wazee wao imepotea. Sasa wanazungumza Kiafrikana na Kiingereza. Lakini yamebaki maneno machache ya Kimalei, na wanayashika kama mtu ashikavyo pete ya marehemu mamake. Wakikuomba jambo husema kanala, wakikushukuru husema tramakassie, na sikukuu ya Idi huiita Labarang. Kwenye ukuta wa mwenyeji wangu vilitundikwa viatu vya mti vya babu yake, kaparang kwa jina lao, na nilipomwambia kuwa bibi yangu alivaa vya aina hiyo hiyo akivuka ua kwenda kutawadha, na kwamba sisi huviita mitawanda, alivitungua akanivalisha. Alinieleza pia kuwa katika karne ya 19 vyuoni mwao Kiafrikana kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama vile tenzi zetu zilivyoandikwa. Jambo hilo sikuwa nalijua hata kidogo, na lilinifurahisha kuliko mlima wao wote.

Nikuambie jambo moja lililonikaa moyoni. Utumwa ulipigwa marufuku kule mwaka 1834, ingawa watumwa walilazimishwa kuwatumikia mabwana zao miaka minne zaidi, na mwenyeji wangu alilitaja neno mtumwa kwa sauti ya kawaida kabisa, akiwazungumzia mababu zake. Sisi wa pwani neno hilo hulimeza. Kila siku tunapita Kisauni na kuitaja Frere Town na Kengeleni, na wengi wetu hatumwambii mtoto kwamba ile kengele iliwekwa na watu waliotolewa utumwani, wala kwamba baadhi ya waliowafanya watumwa walikuwa majirani zetu wa hapa hapa. Tena huyo Bartle Frere, Mwingereza ambaye mtaa ulipewa jina lake, baada ya kwenda Unguja mwaka 1873 kumtaka Sultani akomeshe biashara ya watumwa, alikwenda kuwa gavana wa Cape mwaka 1877. Nilipoliona jina lake kule nilihisi nimekutana na mtu wa mtaani asiyetarajiwa, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiwasimulia wajukuu habari ya kengele ile yote, bila ya kuficha.

Mwaka ule Mfungo Sita uliandama mwishoni mwa Desemba, na Maulidi yakatukuta mapema Januari, mwaka 2015. Alasiri mwenyeji wangu alinichukua msikitini, akanipa kibao na kisu. Wanawake walikaa safu kwa safu, bibi na mjukuu wake, mbele yao mafungu ya majani ya mchungwa na mlimau, na kazi ilikuwa kuyakata membamba kama nyuzi huku wakisoma kasida. Majani yakishakatwa hutiwa mafuta mazuri, hufukizwa, kisha hufungwa katika vikaratasi vya rangi, na usiku wanaume wanapokuja kusoma Maulidi kila mmoja hupewa kifurushi chake atie mfukoni. Wao huita kazi hiyo rampies sny. Somo yangu, ungalikuwako! Ni vikuba vyetu vile vile, ila sisi tuna asumini, mkadi na rehani, nao wana majani ya mchungwa. Nilikata polepole kwa woga wa kuharibu, na kikongwe aliyekaa kando yangu, ambaye hatukuwa na lugha ya pamoja, alikuwa akinisogezea majani laini na kujibakizia magumu. Usiku iliposomwa Barzanji na watu wakasimama kumswalia Mtume, sikuhitaji mtu wa kunifasiria. Tulipotoka tulitiliwa keki na vitafunio katika vifuko tuende navyo nyumbani, na vifuko hivyo huitwa barakat.

Jumapili asubuhi utaletewa koesister. Ni ndugu wa mahamri, ila hutiwa tangawizi na mdalasini, huchovywa katika shira na kunyunyiziwa nazi. Usiile moja ukasema umeshiba, maana watahuzunika.

Mwenyeji wangu hakuzaliwa Bo-Kaap. Alizaliwa District Six, upande wa pili wa mji, mtaa uliotangazwa mwaka 1966 kuwa wa wazungu pekee, na watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa kwa nguvu hadi kwenye tambarare za mchanga nje ya mji na nyumba zao zikabomolewa. Makanisa na misikiti mingi haikuguswa, na waliohamishwa wakawa wanasafiri kutoka mbali kuja kusali pale pale walipozoea. Katika jumba la makumbusho kuna ramani ya mtaa huo iliyotandazwa sakafuni, na wenyewe wameandika majina yao palipokuwa nyumba zao. Mwenyeji wangu alivua viatu, akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya mahali padogo, na hakusema neno. Nami nilikaa chini kando yake. Mwombe mwanao akupeleke huko.

Mlima wa Meza una zaidi ya mita 1,000, na hupandwa kwa kibanda kinachovutwa na waya. Ni mzuri, lakini upepo ukivuma hufungwa, basi usisikitike ukiukosa. Bahari yao ni ya kutazama tu; maji ni baridi mpaka mifupa inauma. Kisiwa cha Robben usikikose, kwa kuwa baadhi ya wanaokutembeza walikuwa wafungwa wenyewe, na utaoneshwa chumba alimokaa Mandela kwa miaka mingi kati ya 18 aliyofungwa kisiwani. Tulifika pia Rasi ya Tumaini Jema, nikasimama kwenye upepo nikifikiria kuwa Vasco da Gama aliizunguka Novemba 1497, na Aprili 1498 alikuwa amekwisha fika hapa bandarini kwetu. Lakini la kukumbuka zaidi ni anga. Sisi twaita kaskazini kibla, kwa sababu Makka iko karibu sawasawa juu yetu, na kusini twaita suheli kwa ajili ya ile nyota. Kule kibla huinama kidogo kuelekea mashariki. Jua la Desemba huzama saa mbili za usiku, hata funga ya sunna ya Alhamisi ilinishinda. Na tulipotoka msikitini usiku wa Maulidi, Suheli ilikuwa juu sana, mahali ambapo hapa Mombasa haifiki kamwe.

Wewe utafika majira yao ya baridi yakielekea kwisha, na mvua zao hunyesha wakati huo, kwa hivyo chukua sweta mbili na soksi za kulalia, na barabara za mawe za Bo-Kaap uzipande taratibu kwa ajili ya goti. Nimemwandikia mwenyeji wangu kuwa unakuja, naye amejibu kuwa kibao na kisu chako viko tayari. Doti ya kanga niliyompa mwaka ule imechakaa. Nimemnunulia nyingine Biashara Street, na nitampa dereva wa basi la Tanga Alhamisi asubuhi. Tafadhali mpokee mwenyewe kituoni. Ukifika kwake mwambie tramakassie kutoka kwangu, umtazame atakavyocheka.

Nisalimie wote nyumbani.

Ni mimi,
Somo yako.