Zuhura, usiipeleke sura hiyo bado

Zuhura dada yangu,

Salaam. Mama mguu unaendeleaje? Huku wazima. Naandika mbio, maana Mwinyi anasema Jumatatu sura yako ya kitabu inakwenda kupigwa chapa.

Ukurasa wa 3 unasema Wamarekani walichota nadharia ya mkataba wa jamii, yaani serikali huundwa kwa makubaliano ya watu, kwa mwanafalsafa Rousseau. Ondoa, tafadhali. Kitabu chake cha 1762 kilikwishatoka, lakini Azimio lao la Uhuru la 1776 limeshika njia ya Locke, mwanafalsafa Mwingereza: haki zinaitangulia serikali, mamlaka hutokana na ridhaa ya watawaliwa, na serikali ikiwakandamiza, wana haki ya kuiondoa. Wala Locke usimpe yote. Wanaume 41 wa Mayflower, meli ya walowezi Waingereza waliohamia Amerika, walitia saini mapatano yao 1620. Yeye kazaliwa 1632. Wale walikuwa wamezoea maagano ya kanisa.

Kinachoniuma ni jimbo la Massachusetts kupewa mistari miwili tu! Pale nadharia ilipata utaratibu. Mwaka 1778 bunge lake liliandika katiba, miji ikaikataa. Watu wa mji wa Concord walikwishaonya 1776: chombo kinachoitunga katiba kikiwa ndicho kinachotunga sheria, kitaibadili kikitaka, na raia abaki bila kinga. Likaitishwa baraza maalumu, Septemba 1779. John Adams akaandika rasimu, mikutano ya miji ikaijadili, na wanaume huru wa miaka 21 na zaidi wakaipigia kura, hata wasio na mali. Zilitakiwa theluthi mbili. Kuhesabu kukawa kugumu, kwa kuwa miji mingi ilirudisha marekebisho badala ya ndiyo au hapana. Eleza hilo, wanafunzi waone ridhaa inavyopimwa.

Halafu katiba hiyohiyo ikamtaka mpiga kura awe na mali ya pauni 60, au ardhi ya kumwingizia pauni 3 kwa mwaka. Wanawake hawakuulizwa kabisa. Lakini Quock Walker, aliyekuwa mtumwa, kesi yake ya 1783 ilisimama juu ya ibara ya kwanza ya katiba hiyo, kwamba watu wote huzaliwa huru na sawa. Usiiache.

Narudi Massachusetts: ukurasa mzima unawezekana? Mwinyi atakubali kusogeza siku? Ile jedwali ya majimbo 9 kati ya 13 yaliyotakiwa kuiridhia katiba ya Marekani nzima, umeihakiki? Na neno gani tutumie, mapatano au agano? Agano lina uzito, ila wanafunzi hawatadhani ni Biblia?

Wako,
Rehema