Barua ya wazi kwa Balozi wa Kenya nchini Uingereza: leseni ifutwe, mfanyakazi asifutwe nayo

Mheshimiwa Balozi,

Pokea salamu zangu za heshima. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili limewagusa Wakenya wengi, na baadhi yao wanaogopa hata kutaja majina yao. Mimi hutunza wazee hapa England. Nataka kuzungumzia leseni ambayo mwajiri hupewa na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza ili adhamini wafanyakazi kutoka nje, na yanayompata mfanyakazi leseni hiyo inapofutwa.

Masharti yake ukiyasoma huoni kasoro. Kampuni iwe ya kweli na iendeshe shughuli zake kihalali humu nchini. Nafasi za kazi ziwepo kweli. Wakubwa wake wasiwe na rekodi ya ulaghai, na ateuliwe mtu wa kuwajibika kwa leseni. Baada ya hapo itunze kumbukumbu za kila mfanyakazi, na itoe taarifa ndani ya siku 10 za kazi asiporipoti kazini au mshahara wake ukipunguzwa. Tangu tarehe 11 Machi 2024, kampuni za kutunza wazee England sharti pia ziwe zimesajiliwa na tume inayokagua huduma hizo.

Lakini nani alikagua? Ripoti ya Mkaguzi Huru wa Mipaka na Uhamiaji iliyotolewa Machi 2024 ilieleza kwamba vyeti 275 vya udhamini, yaani hati ambayo mwajiri humpa mfanyakazi ili aombe visa, vilitolewa kwa jina la nyumba ya wazee ambayo haikuwepo kabisa. Kampuni nyingine ilisema ina wafanyakazi 4 wakati wa kuomba leseni, ikapewa vyeti 1,234. Afisa mmoja wa ukaguzi alikuwa na waajiri wapatao 1,600 wa kufuatilia. Mheshimiwa, kila cheti ni mtu, na kwetu mtu huyo mara nyingi ameondoka baada ya ng'ombe kuuzwa na mkopo kuchukuliwa kwenye chama cha akiba.

Halafu usafi ukaanza. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024, serikali ya Uingereza ilifuta leseni zaidi ya 470 katika sekta hii, na yenyewe ikasema kampuni hizo zilihusishwa na wafanyakazi zaidi ya 39,000. Sipingi kufutwa kwa leseni ya mnyonyaji. Ninachopinga ni kwamba anayefungishwa virago ni yule aliyenyonywa.

Nilifanya kazi na dada mmoja kutoka Nakuru. Kabla ya kusafiri alilitafuta jina la mwajiri kwenye orodha ya wenye leseni, ile inayowekwa wazi mtandaoni, akalikuta. Mkataba ulisema saa 39 kwa wiki. Alipofika, ratiba ilikuja kwa WhatsApp ikiwa na asubuhi mbili tu, na bado akaambiwa anunue gari ndipo aongezewe wateja. Leseni ilipofutwa, barua ikampa siku 60 atafute mdhamini mwingine au aondoke. Kila alikoomba kazi walitaka barua ya mwajiri wa zamani, na mwajiri huyo alikuwa ameshazima simu. Kwa hiyo tunapoambiwa "angalia orodha kwanza", dada huyu aliangalia. Serikali ndiyo iliyomwambia kampuni ile ni halali.

Wanafunzi nao wako palepale: chuo kikipoteza leseni yake ya kudhamini wanafunzi kutoka nje, aliyelipa karo yake yote naye huhesabiwa siku.

Tangu 31 Desemba 2024 mwajiri haruhusiwi kumtoza mfanyakazi gharama ya leseni wala ya cheti. Ni hatua njema. Lakini pesa nyingi zililipwa Nairobi, kwa ajenti, na mkono wa sheria ya Uingereza haufiki huko. Wa serikali yetu unafika.

Naomba haya, Mheshimiwa. Itake Uingereza, kwa jina la Kenya, iwape waliodhaminiwa na kampuni zilizofutiwa leseni muda mrefu kuliko siku 60, na ruhusa ya kufanya kazi kwa mwajiri yeyote aliyesajiliwa katika sekta hii. Waajiri wanaotuhitaji wapo: tangu 22 Julai 2025 watunza wazee hawaajiriwi tena kutoka nje, na walio humu wanaruhusiwa kuhamia kwa mwajiri mwingine hadi 22 Julai 2028 tu. Pili, teua afisa ubalozini wa kupokea kesi hizi, anayezungumza nasi kwa Kiswahili na asiyeanza kwa kuuliza kama visa bado ni hai. Majina ya maajenti tutakayompa yafike kwa Mamlaka ya Taifa ya Ajira ya Kenya, inayosajili maajenti, na tujulishwe ni yupi amefutiwa usajili.

Niko tayari kuja na wenzangu siku yoyote utakayotupangia, pamoja na mikataba, jumbe za ratiba na risiti za maajenti.

Wako mwaminifu,
Mkenya, mtunza wazee, West Midlands