Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Waanika Dagaa

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina, sitaki kumwingilia. Kwa kifupi, masika yalitulowanishia mzigo mara mbili, mfuko wa kufa na kuzikana haukukauka, na mkopo unaosuasua ni mmoja tu (mwenyewe yupo hapa, tumekwisha kuongea). Muda wangu uliobaki naomba niutumie kwa jambo la watoto.

Mnakumbuka kamati ilikwenda kupeleka madaftari shuleni. Tulipoingia darasa la nne, watoto wanne walikuwa wamelalia madawati, na mwalimu hakuwaamsha. Binti mmoja magamba ya dagaa yalikuwa yamemkaukia kwenye mikono ya sweta. Nilimtambua. Alfajiri ile ile alikuwa kwenye chanja zangu za kuanikia dagaa. Siku namwita kazini sikumuuliza umri. Nilimuuliza kama ana beseni.

Mwalimu akatufungulia daftari la mahudhurio. Hakuwa na haja ya kutueleza, maana sisi wa mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, tunausoma mwezi kuliko kalenda. Siku za giza, dagaa wakifuata taa na mitumbwi ikiingia na mzigo, utoro unajaa ukurasa. Mbalamwezi ikitoka watoto wanarudi, ila wanarudi na njaa, kwa sababu baba hajaingia ziwani na mama hana cha kuanika. Mchango wa uji nao unadaiwa tarehe ile ile kila mwezi, iwe giza au mbalamwezi.

Serikali iliondoa ada ya shule ya msingi mwaka 2002, na Januari 2016 ikaondoa ya sekondari hadi kidato cha nne. Bila hilo wengi wetu tusingesomesha. Lakini sare, viatu na uji bado vinatoka mfukoni, na mfuko wa mwaloni unajaa wakati wa giza na kupungua wakati wa mbalamwezi. Utafiti wa bajeti ya kaya wa 2017/18 ulionyesha asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Huku kwetu kaya ile ile inakuwa juu ya mstari wiki hii na chini yake wiki mbili baadaye. Mtoto wa tajiri wa mitumbwi hauoni mstari huo. Saa 12 asubuhi gari la shule linampitia pembeni ya chanja, na anayemwangalia akipita ni mwenzake wa umri ule ule, beseni kichwani.

Najua tunavyojibu: "Anamsaidia mama yake." Kumsaidia mama baada ya masomo sina ugomvi nako, hata mimi nilikua hivyo. Ila Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na mtoto yeyote kufanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Saa zetu za kupokea mitumbwi ziko humo humo. Tusimsingizie mvuvi wala tajiri. Tunaowaita hao watoto ni sisi.

Kamati inapendekeza mwanachama yeyote asipokee mtoto kwenye chanja zake kabla ya shule. Mtu mzima ni ghali zaidi, sikatai. Mimi nimejaribu tangu siku ile ya shuleni: faida imepungua, haijaisha.

La pili ni uji. Utafiti wa afya wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na sisi tunapakia dagaa kwenye malori waende kuwa chakula cha kuku! Tunaomba kila mwanachama atoe sado moja (kopo la kupimia) kila giza, dagaa wa chanja, siyo wa mchangani wenye kokoto. Wakikauka vizuri wanakaa. Mbalamwezi ikitoka, shule itakuwa na akiba ya kusaga na kuchanganya kwenye uji, na mzazi asiye na hela siku hizo hatadaiwa. Mwalimu mkuu ameshatutengea kona ya stoo.

Giza linaanza wiki ijayo. Mwenye pingamizi anyooshe mkono sasa, kabla chai haijaletwa.

Mwenyekiti