Barua ya wazi kwa Meya wa Council Bluffs, Iowa: kesi mlishinda, kipimo bado kibovu

Mheshimiwa Meya,

Mbwa anayetembezwa kwenye daraja la waenda kwa miguu la Bob Kerrey, juu ya mto Missouri, hufika mahali panapotenganisha Nebraska na Iowa. Upande wa Omaha, Nebraska, mbwa wa aina ya pitibuli (pit bull) ruksa, mradi awe na kamba na kifunga mdomo. Akifaulu mtihani wa tabia, kifunga mdomo kinavuliwa. Hatua moja mbele, kwenu, amepigwa marufuku tangu 2005.

Mtasema mahakama imekwisha kuamua. Ni kweli: mwaka 2022 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho, Kanda ya Nane, iliwapa ushindi dhidi ya wakazi waliowashtaki. Ila majaji waliulizwa jambo dogo tu: je, sheria hii ina sababu yoyote inayoingia akilini? Kwa swali hilo jiji hushindwa kwa nadra sana. Jiji la Toledo nalo lilishinda hivyo hivyo mbele ya Mahakama ya Juu ya Ohio mwaka 2007. Lakini sheria kuwa halali si sawa na kunasa mbwa anayestahili.

Shida iko kwenye maneno ya sheria yenu, “sehemu kubwa ya sifa za kimwili”. Sheria inataja aina tatu na kuongeza mbwa yeyote anayefanana nazo. Sasa chukueni futi. Staffordshire Bull Terrier, mojawapo ya aina hizo tatu, kwa viwango vya wafugaji, husimama inchi 14 hadi 16 begani. American Staffordshire Terrier, aina nyingine kati ya hizo, 17 hadi 19. Mbwa mmoja hawezi kutimiza vyote viwili. Viwango hivyo viliandikwa ili kuchagua mshindi wa maonyesho, wala havikukusudiwa kumtambua chotara wa mtaani. Kichwa kipana, manyoya mafupi na misuli ya mashavu hata mbwa aina ya boksa anavyo. Katika utafiti wa Florida uliochapishwa 2015, zaidi ya nusu ya mbwa 120 waliitwa pitibuli na angalau mfanyakazi mmoja wa kituo cha wanyama. Vinasaba viliwatambua 25 tu kati ya wote 120.

Hapo ndipo mwenye mbwa anapokwama. Anachukua mate ya mbwa shavuni, anapeleka maabara, anarudi na karatasi ya asilimia. Karatasi inajibu swali la ukoo, sheria inauliza sura. Pesa imekwenda bure.

Kama hamtaki kuifuta, basi irekebisheni. Fomu itaje kila sifa na idadi inayohesabika kuwa “sehemu kubwa”. Wapimaji wawe wawili, kila mmoja apime peke yake bila kuona ya mwenzake, na picha zipigwe mbele, ubavuni na juu. Wakitofautiana, mbwa arudi nyumbani. Notisi itoke kwa maandishi, na kwa Kiswahili pia kwa familia zilizotoka Kongo na Burundi. Mzigo wa kuthibitisha uwe wa jiji, na mbwa asiuawe rufaa ikiwa inasubiri.

Au fuateni jimbo la Washington. Tangu 2020 mji wenye marufuku kule lazima umwache mbwa aliyefaulu mtihani wa tabia uitwao Canine Good Citizen (“mbwa raia mwema”), kwa miaka 2 angalau. Mtihani una vipengele 10. Katika kimojawapo mbwa huachwa na mtu mgeni dakika 3, mwenyewe akiwa haonekani. Majirani zenu wa Omaha wanautumia tayari, ng’ambo tu ya daraja.