Kwa Mama Tumaini, kuhusu zahanati zako nne

Mwanza, Jumapili jioni

Mama Tumaini, shoga yangu,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi hatujambo. Mpango wako wa utafiti niliupata Alhamisi na nimeshausoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Swali lako nimelipenda: je, muuguzi akimpigia simu mgonjwa wa presha kila mwezi, mgonjwa ataacha kukatiza dawa? Watu hao wanachukua vidonge zahanati, wanarudi nyumbani, na hakuna anayewafuatilia. Nataka jibu lako lisimame, ndiyo maana nakuandikia kirefu leo.

Umeandika zahanati 4, mbili zipate simu na mbili ziendelee kama kawaida, wagonjwa 200 kila moja. Kupiga kura ya bahati nasibu, ya nani apate simu, kwa zahanati badala ya mgonjwa mmoja mmoja umefanya vema. Muuguzi akishafundishwa hawezi kuyasahau mafunzo kila anapokaa mbele yake mgonjwa wa upande wa pili, na kina mama kwenye benchi la kusubiri wanaambizana kila kitu. Ila ukishapiga kura kwa zahanati, wale 800 si 800 tena.

Wagonjwa wa zahanati moja wanafanana. Dawa zikiisha kabatini zimewaishia wote. Mganga mfawidhi akiwa makini na kipimo, wote wanapimwa vizuri. Kufanana huko tunakupima kwa namba kati ya 0 na 1. Tuseme kwako ni 0.05, ambayo kwa macho ni ndogo sana. Chukua wagonjwa 200, toa mmoja, zidisha kwa 0.05, kisha ongeza 1: unapata 10.95. Gawanya 800 kwa hiyo. Wanabaki 73! Kazi yote hiyo ya kupima na kupiga simu, na nguvu ya ushahidi ni ya watu 73.

Sasa chukua wagonjwa walewale 800 uwatawanye kwenye zahanati 20, 40 kila moja. Kigawanyo kinashuka hadi 2.95, na unabaki na watu 271. Kwa kufanana kwa 0.05, zahanati moja haiwezi kukupa zaidi ya watu 20 wa kweli hata ukiandikisha kijiji kizima. Kwa hiyo usiongeze wagonjwa, ongeza zahanati.

Kuna jambo jingine kuhusu hizo nne. Kura ya mbili kwa mbili inaweza kuanguka kwa njia 6 tu. Hata zahanati zako mbili za simu zikishinda zote, bahati tupu ya kura, hata kama simu hazisaidii kitu, ingekuletea ushindi huohuo mara moja katika 6. Hapo hutamshawishi mtu.

Linganisha na utafiti uliofanyika hapahapa Mwanza miaka ya 1990, ambao matokeo yake yalitoka 1995. Waliboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya na zahanati zake, wakaangalia kama maambukizi mapya ya VVU yatapungua. Walichukua jamii 12 wakazipanga jozi 6: za visiwani pamoja, za kando ya ziwa pamoja, za barabarani pamoja. Kila jamii walifuatilia watu wazima wapatao 1,000. Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya yalikuwa asilimia 1.2 kwenye huduma mpya na asilimia 1.9 kwingine, na katika jozi zote 6 upande wa huduma mpya ulikuwa chini. Kura tupu ingetoa hivyo mara moja katika 64. Walilinganisha jamii na jamii mwenzake. Napenda sana uadilifu wa hesabu ile.

Mimi nimeshaumia kwa jambo hili. Miaka kadhaa nyuma timu niliyokuwamo ilichambua wagonjwa kana kwamba kila mmoja ametoka peke yake. Tukawaambia watumishi wa vituo kwamba mafunzo yamefaulu. Niliporudia hesabu kwa kuzingatia vituo, ile tofauti haikuwa na mguu wa kusimamia. Muuguzi mmoja akaniuliza, "Kwa hiyo tuendelee au tuache?" Sikuwa na la kumjibu, na uso wake naukumbuka mpaka leo.

Halafu, tafadhali, andikisha wagonjwa wote kabla ya kufungua kura. Muuguzi akishajua zahanati yake ina simu, atakuchagulia wagonjwa wasikivu bila hata kukusudia.

Usikate tamaa kwa sababu ya hizo 20. Simu za mwezi ni rahisi kuzisambaza, na wagonjwa 40 kwa zahanati ni mzigo mwepesi kwa muuguzi kuliko 200. Ukienda wilayani wiki hii, omba kufungua rejesta za presha za zahanati nyingi kadiri utakavyoruhusiwa. Majina usinakili. Nakili jina la zahanati, kipimo na tarehe ya kurudi, unitumie. Nitakutafutia namba ya kufanana ya huko kwenu, tuache kubahatisha na hii 0.05 yangu.

Mbusu Tumaini.

Wako wa tangu bwenini,
Mama Rehema