Arjun si jina la tamthilia

Mhariri, salamu kwenu hapo. Kuna msomaji aliandika majuzi akilalamika eti siku hizi kina mama wanaokota majina kwenye tamthilia za Kihindi, na katika mifano yake akatia Arjun, akasema ni jina halina mbele wala nyuma. Sasa mimi nina mdogo wangu anaitwa Arjun na kwetu hakuna mtu alikuwa anatazama tamthilia, hata TV hatukuwa nayo, tulikuwa tunaenda kuangalia ya jirani, ile ya kuwashwa na betri ya gari.

Iko hivi. Baba alikuwa anatunza uwanja wa kriketi wa klabu moja hapa Nairobi, kazi yake kuvuta rola asubuhi na kumwagilia maji. 1996 Kenya ikaingia Kombe la Dunia mara ya kwanza, tarehe 29 Februari tukawachapa West Indies kule Pune, mzee hakulala. Tarehe 6 Machi tukakutana na Sri Lanka mjini Kandy na hapo ndo tulioga, wale jamaa walipiga mbio 398 na wapigaji wao watano tu wakatolewa, rekodi ya dunia ya mechi za siku moja wakati huo, na nahodha wao Arjuna Ranatunga, yule mwenye kitambi, akapata 75 kwa mipira 40 na hakutolewa. Mpigaji wetu Tikolo alifika 96, akakosa mbio nne tu za mia. Mtu mwingine angewachukia hao watu lakini mamangu alipojifungua wiki hiyohiyo mzee akasema huyu ni Arjun, basi. Ile "a" ya mwisho aliiacha kwa sababu Wahindi wa klabuni walikuwa wanatamka hivyo, Kihindi na Kigujarati wanaimeza, wa Sri Lanka ndo wanaiweka. Hata wiki mbili hazijaisha Ranatunga akanyanyua kombe Lahore, baba akatembea mtaa mzima kama yeye ndiye kocha.

Maana yake ndo ilinichekesha nilipokuja kuuliza. Ni Kisanskriti, maana yake nyeupe, ya kung'aa, kama fedha. Mdogo wangu ni mweusi ti! Huko India kuna mti unaitwa hivyohivyo kwa sababu gome lake ni jeupejeupe, wanalichemsha kama dawa ya moyo. Na kwenye Rigveda, kitabu kitakatifu cha Wahindu cha zamani sana, kuna mstari unataja mchana mweusi na mchana mweupe, mweusi ni krishna, mweupe ni arjuna. Halafu kwenye Mahabharata, ile hadithi ndefu ya vita ya Wahindi iliyokuja baadaye, huyo Arjuna ni mpiga upinde na anayemwendeshea gari la farasi vitani ni nani? Krishna. Mweusi na mweupe gari moja, mi nikipata picha hiyo nasisimka mpaka leo.

Wengi wanamjua kwa ile hadithi ya mwalimu Drona aliyeweka ndege wa bandia mtini akawauliza wanafunzi mnaona nini, huyu anaona majani, yule anaona matawi, Arjuna akasema naona jicho tu. Mimi nampendea pengine. Majeshi yameshajipanga kwenye uwanja wa vita wa Kurukshetra, anaangalia upande wa pili anaona babu yake, walimu wake, ndugu zake, mikono inamtetemeka, upinde unamponyoka, anakaa chini anasema sipigani. Shujaa mzima! Mazungumzo yake na Krishna hapo garini ndo Bhagavad Gita yenyewe, kitabu kitakatifu cha Wahindu, yaani hicho kitabu kimeanza na mtu aliyeogopa kuua jamaa zake.

Kwa hiyo jina limesambaa. Java kuna mlima unaitwa Arjuno, zaidi ya mita 3,300, na Waindonesia wengi ni Waislamu lakini kijana mtanashati wanamwita arjuna bila shida. Serikali ya India tangu 1961 inawapa wanamichezo wake tuzo ya Arjuna. Sachin Tendulkar, yule nyota wa kriketi wa India, naye kamwita mwanawe hivyo. Tamthilia zimelikuta tu jina njiani, na kama kuna mama amelipendea hapo mimi sioni kosa, baba yangu alilitoa kwenye redio ya mkulima akiwa amefungwa mechi.

Shida yetu ni nyingine. Mtaani wanamwita Juni, kila mtu anadhani alizaliwa mwezi wa sita, kila mwaka tarehe moja Juni anatumiwa meseji za hepi bathdei na ameacha kubishana, anasema asante. Na alipoenda kuchukua kitambulisho karani akamwangalia, akaandika ARIJUNI, alipolalamika akaambiwa Kiswahili hakiishii na konsonanti. Mhariri, mkiichapa hii barua naomba msimwongezee herufi nyingine, mbili alizopewa bure zinamtosha.

Kaka yake Juni,
Nairobi